Xenoblade Chronicles 2: si kila kasoro ni ya kusamehe

Katika mbuga za Gormott, saa chache tu tangu gemu ya Xenoblade Chronicles 2 ianze, yupo sokwe wa kutisha anayeranda katikati ya wanyama wadogo. Anaitwa Territorial Rotbart, na leveli yake, yaani kipimo cha nguvu zake, ni 81. Mchezaji anayefika pale kwa mara ya kwanza yuko leveli ya 10 hivi. Unapambana na volff wawili watatu, wale wanyama wenye sura ya mbwa mwitu, umeshawachosha, mara ardhi inatikisika, unageuza kamera kuona kuna nini, na pigo moja linakulaza chini. Unaamka pale karibu na kiingilio cha mbuga, kazi yote uliyofanya kwa wale volff imepotea.

Wapo wanaomlalamikia sokwe huyu. Mimi namtetea. Ananiambia mapema kwamba mbuga ile haikutengenezwa kwa kipimo changu, kwamba ina wenyewe, na kwamba mimi mgeni napaswa kutazama kulia na kushoto kabla sijachomoa upanga. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea Gormott kwa kunyata, nikizunguka vilima ili nisikutane naye, na katika kuzunguka huko nimegundua mapango na vijito ambavyo nisingeviona kama njia ingekuwa nyeupe. Huyo ndiye Xenoblade 2 kwa tabia yake: anakuumiza, halafu maumivu yenyewe yanakufungulia mlango.

Shida ni kwamba si maumivu yake yote yanafungua mlango.

Gemu hii ilitoka tarehe 1 Desemba 2017 kwa ajili ya Nintendo Switch, mwaka uleule konsoli hiyo ilipoingia sokoni. Walioiunda ni Monolith Soft, studio ya Tokyo iliyo chini ya Nintendo, na aliyesimamia kazi nzima ni Tetsuya Takahashi. Ni gemu ya RPG ya Kijapani katika maana kamili ya neno hilo: hadithi ndefu, kundi la marafiki wanaokua leveli kwa leveli, miji ya kuzurura, na mapambano yasiyohesabika. Nimeichelewa sana, maana hata ya tatu ilishatoka mwaka 2022, na sasa niko sura ya nne kati ya kumi. Haya basi ni maoni ya mtu aliye njiani. Lakini nimeshaona vya kutosha kuweza kusema jambo moja kwa uhakika: kasoro zake ni za aina mbili, na wanaoipenda na wanaoichukia wote wawili wanazichanganya. Zipo kasoro za ufundi, za studio iliyobeba mzigo mkubwa kuliko mikono yake. Hizo nazisamehe na hata nimeanza kuzizoea. Na zipo kasoro ambazo gemu inajipinga yenyewe, ambapo kanuni za mchezo zinakana kile ambacho hadithi imekaa saa nzima ikikuaminisha. Hizi za pili sizisamehi, na sioni kwa nini uzuri wa mengine utumike kuzifunika.

Nianze na uzuri, maana ndio unaonifanya nirudi kila jioni.

Ulimwengu wa Alrest hauna bara. Una bahari ya mawingu isiyo na mwisho, na ndani yake wanaogelea Titani, viumbe hai wakubwa kiasi cha kubeba nchi nzima. Gormott iko mgongoni mwa mmoja wao, nyasi na mito na yote. Uraya iko ndani ya mwili wa mwingine, na ukiinua macho unaona kuta za mwili wake ziking'aa juu ya maziwa. Katikati ya bahari hiyo umesimama Mti wa Dunia, na watu wanaamini kuwa huko juu kuna Elysium, nchi ya mwanzo ambako binadamu waliishi na muumba wao kabla hawajafukuzwa. Kila ulipo katika nchi za mwanzo, simama mahali pa wazi, geuka, tafuta upeo: utaona kichwa cha Titani kikicheza taratibu, kama unajua pa kutazama. Umesimama juu ya mnyama, na mnyama anapumua.

Na wanyama hawa wanakufa. Mmoja mmoja wanazeeka na kuzama mawinguni pamoja na kila kilicho juu yao. Ardhi inapungua, na kwa sababu ardhi inapungua, wenye nguvu wananyang'anya wasio na nguvu. Dola ya Mor Ardain imeikalia Gormott kwa sababu Titani wake mwenyewe anakauka. Askari wake wamejaa mitaani Torigoth, mji wa Gormott, wanaandikisha vijana, wanabandika mabango. Hayo yote gemu inakupa bila hotuba. Unayaokota kwa wauza duka, kwa vikongwe wa sokoni, kwa watoto. Nimecheza RPG nyingi ambamo vita kati ya falme mbili vinatokea kwa sababu mfalme mmoja ni mwovu. Hapa vita vinatokea kwa sababu watu wanahitaji mahali pa kulima.

Bahari yenyewe ina kupwa na kujaa, na hilo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mawingu yakipwa, njia inajitokeza chini ya jabali, na unaweza kushuka kwa miguu hadi kwenye pango ambalo jana lilikuwa limefunikwa. Yakijaa, njia ile inatoweka, lakini sasa unaweza kuogelea hadi kwenye ukingo ambao jana ulikuwa juu mno. Kulala nyumba ya wageni kunaweza kubadilisha hali ya mawingu, kwa hiyo mtu mwenye subira anajifunza kusubiri. Msomaji aliyekulia mwambao hatahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo linaifanya nchi ya kubuni iwe na uhai. Nchi ambayo sura yake inategemea saa unayofika ni nchi unayolazimika kuifahamu.

Juu ya hayo kuna muziki. Yasunori Mitsuda, aliyeandika muziki wa Chrono Trigger mwaka 1995 na wa Xenogears mwaka 1998, amefanya kazi hapa na watunzi wenzake, na kwaya ya Anúna kutoka Ireland imeimba katika baadhi ya nyimbo. Kila eneo lina wimbo wa mchana na wa usiku. Ule wa Gormott mchana una kasi ya mtu aliyeamka na nguvu zake. Jua likizama, wimbo uleule unarudi umepoa, ala zimepungua, na mbuga ileile uliyoikimbilia inakutaka utembee. Nimekuta nikiacha kazi niliyopewa na kusimama tu nisikilize. Sidhani kama kuna sifa kubwa zaidi ninayoweza kuipa gemu.

Kisha yupo Rex. Ni kijana mwopoaji: anavaa vazi la kuzamia, anaruka ndani ya bahari ya mawingu, na kutoa vyuma na masanduku yaliyozama zamani. Anaishi juu ya Titani mdogo mzee anayemwita Babu, na sehemu ya kila anachopata anaituma kijijini Leftheria kwa waliomlea. Jambo hilo la kutuma pesa linatajwa mwanzoni kabisa, kabla ya upanga wowote, na ndilo lililonishikisha. Katika gemu za aina hii shujaa kijana kwa kawaida ni yatima asiye na deni kwa mtu. Huyu ana watu wanaomtegemea, anajua bei za bidhaa, anajua kupatana na wafanyabiashara wa Argentum. Anapopewa kazi yenye ujira mnono kupita kiasi, anaikubali kwa sababu anafikiria ujira huo utafika wapi.

Kazi hiyo inamuua. Sitazami hilo kama siri, maana linatokea sura ya kwanza: wanaopoa meli ya kale, ndani yake amelala msichana aliyezungukwa na ukimya wa miaka mia tano, na mtu aitwaye Jin anamchoma Rex upanga. Msichana huyo, Pyra, anampa nusu ya uhai wake ili arudi, na anaomba kitu kimoja: apelekwe Elysium. Pyra ni Blade. Na hapa inabidi nieleze Blade ni nini, maana hoja yangu yote iko hapo.

Katika Alrest kuna kristali. Mtu mwenye kipaji akiigusa, kristali inaamka na kuwa kiumbe mwenye umbo, sauti, tabia na silaha: huyo ndiye Blade, na aliyemwamsha anaitwa Driver. Asiye na kipaji akijaribu, anaumia. Torigoth unamwona mtu akijaribu mbele ya askari wanaoandikisha, na damu inamtoka. Wawili wakishaungana, uhai wao unafungamana. Driver akifa, Blade anarudi kuwa kristali, na siku akiamshwa na mtu mwingine hakumbuki chochote: si jina la mwenzake, si vita walivyopigana, si wimbo waliopenda. Blade anaishi milele na kila mara anapoteza kila kitu. Ni wazo zito, na waandishi wanalijua kuwa ni zito. Wanaliweka katika mazungumzo ya kando ya moto, katika jinsi Nia, mwenzake Rex safarini, anavyomtazama Blade wake Dromarch, yule chui-milia mweupe mkubwa anayembeba. Wanaliweka pia kwa Tora, mdogo wa kabila la Nopon, viumbe wafupi wa mviringo wenye manyoya, ambaye hana kipaji cha kuamsha kristali na kwa hiyo ameamua kutengeneza Blade wake kwa mikono, kazi iliyoanzishwa na babu yake. Poppi alipofungua macho kwenye kile chumba kilichojaa vyuma chakavu, nilimfurahia Tora kwa dhati.

Sasa tazama mchezo unafanya nini na wazo hilo.

Unaokota kristali kwa makumi. Zinadondoka kutoka kwa maadui, zimo kwenye masanduku, zina daraja tatu kutoka za kawaida hadi za hadhi ya juu. Unafungua menyu, unachagua nani aiguse, na onyesho linaanza: mwanga, muziki, kiumbe anatokea. Mara nyingi sana anayetokea ni Blade wa kawaida aliyeundwa na kompyuta kwa kuchanganya umbo, rangi na jina, asiye na hadithi. Blade adimu, wale waliochorwa mmoja mmoja na wasanii waalikwa na wenye visa vyao vya kusimuliwa, wanatoka kwa bahati nasibu. Hutozwi pesa halisi hata senti, na hilo ni la kushukuru. Lakini umbo la kamari liko palepale: unakusanya, unafungua, unavunjika moyo, unakusanya tena. Na kwa kuwa nafasi za kuwaweka Blade zina kikomo, inafika wakati unawaachia wale usiowataka. Unabonyeza kitufe, wanatoweka, na unapewa vitu vidogo vidogo kama fidia.

Fikiria hilo kwa makini. Hadithi imetumia sura tatu kunieleza kwamba kumwamsha Blade ni kufungamana uhai kwa uhai, kwamba kuachana naye ni kumfuta yeye aliyekuwa. Halafu menyu inanifundisha kumi kwa mpigo, tisa watupwe. Nimejikuta nikiwaamsha na kuwaachia viumbe hawa usiku kucha, mkono ukienda wenyewe, huku Nia akiwa amesimama pembeni ya skrini, yeye ambaye jana yake alinigusa moyo alipozungumzia jambo hilohilo. Hapa studio haikukosa pesa wala muda. Walichagua. Wangeweza kuwaficha Blade adimu katika sehemu za ulimwengu, katika pango linalofunguka mawingu yakipwa, kwa mzee wa kijiji anayetunza kristali ya marehemu mwanawe. Wachache wanapatikana hivyo, kwa safari na kwa visa, na kila mmoja wao namkumbuka nilipompata. Wale wa bahati nasibu nawakumbuka kwa takwimu zao.

Kuna madhara ya pili yaliyo ya kawaida zaidi. Blade anafungwa kwa Driver aliyemwamsha, na kumhamisha kunahitaji kifaa ambacho hupati kwa wingi. Ukimpata mponyaji mzuri kwa mkono wa Rex, ambaye ungependa awe mpiganaji, ndiyo imetoka. Wachezaji wawili wanaoanza siku moja wanaweza kuwa na safari ngumu kwa viwango tofauti kabisa, bila mmoja kuwa stadi kuliko mwenzake. Katika gemu inayodai kufikiri sana vitani, kuweka msingi wa fikra hizo kwenye kura ni kumnyima mchezaji haki ya kujivunia ushindi wake.

Na vita vyenyewe ni vizuri mno! Hilo ndilo linaloniuma. Ni vizuri na vimefichwa.

Mwanzoni unaona hivi: Rex akimkaribia adui anaanza kupiga mwenyewe, pigo la kwanza, la pili, la tatu lililo zito. Wewe huna kazi. Ukisogea anaacha kupiga, ukisimama anaendelea. Una ujuzi mmoja wa kutumia, unaojaa polepole. Kwa saa kadhaa hicho ndicho unachofanya, na anayeiacha gemu katika hatua hiyo simlaumu. Kisha, kidogo kidogo, unaanza kuona mishipa iliyo chini ya ngozi. Ukibonyeza ujuzi wako katika nukta hasa ambayo pigo linatua, mwanga unawaka na nguvu ya pigo maalumu inajaa haraka zaidi. Pigo la tatu linajaza kuliko la kwanza, kwa hiyo unajifunza kusubiri. Pigo maalumu lina ngazi nne, kwa hiyo unajifunza kuahirisha. Blade wa moto akipiga, dirisha linafunguka kwa wa maji kupiga, kisha linafunguka jingine, na ukifunga mnyororo wa hatua tatu, mlipuko unamwachia adui duara la rangi linalomzunguka, deni utakalolidai baadaye. Wakati huohuo mwenzio mmoja anamyumbisha adui, Rex anamwangusha kwa nanga yake, mwingine anamrusha juu. Mambo haya mawili, mnyororo wa elementi na mnyororo wa kuangusha, yanakwenda sambamba, na siku uliyoyashika yote mikononi, pambano la bosi linageuka kuwa kitu cha mapigo na mizani. Macho hayatazami tena afya ya adui. Yanatazama silaha ya Rex, na kidole kinangoja.

Nilipolielewa hilo nilikuwa Uraya, yaani mbali. Gemu inafundisha vibaya kupita kiasi. Somo linakuja kama dirisha la maandishi katikati ya pambano, linaeleza jambo moja kwa lugha ya kitabu cha maelekezo, linafungwa, na halirudi. Hakuna mahali kwenye menyu pa kulisoma tena. Ukitaka kukumbushwa, unatafuta watoa habari mijini na kununua maelezo kwa dhahabu ya ndani ya gemu. Mtu anayecheza Jumamosi kwa Jumamosi, kama watu wazima wengi tulivyo, anarudi akiwa amesahau nusu. Nilivyojifunza mimi ni kwa kucheza pambano moja dogo tena na tena pembezoni mwa mbuga, nikisikiliza mlio wa pigo badala ya kutazama.

Hata hivyo kasoro hii naiweka kwenye kapu la kwanza, la zile zinazosameheka. Ni kasoro ya kueleza, na kilichoshindwa kuelezwa kipo, ni kizima, kinakungoja. Kapu hilo lina vingi. Ramani ni mbovu: alama inakuelekeza kwa mstari ulionyooka katika nchi zenye ghorofa tatu za miamba, na haikuambii kwamba unakokwenda ni chini ya miguu yako. Ukicheza Switch mkononi, picha inafifia hadi majani yanakuwa ukungu. Askari wa Mor Ardain wanarudia majigambo yaleyale, wote kwa pamoja, hadi unatamani kuzima sauti. Ili kumboresha Poppi lazima ucheze mchezo mwingine mdogo wa kuzamia, wa mtindo wa mashine za zamani, ambao ni wa kufurahisha mara chache na wa kuchosha baada ya hapo. Njia za pembeni zinafungwa na vizuizi vinavyodai Blade mwenye ujuzi fulani, na kila mara unaingia menyu, unabadilisha watu, unapita, unawarudisha. Hayo yanachosha. Hayaivunji gemu.

Sauti za Kiingereza ziko njia panda. Rex ana mayowe yasiyolingana na uso wake kwenye matukio makubwa, na midomo mara nyingi haifuatani na maneno. Lakini kila nchi imepewa lafudhi yake: Wagormotti wanaongea Kiingereza cha Wales, Vandham wa Uraya cha Australia, na kwa hiyo unatambua mtu katoka wapi kabla hajajitambulisha. Sauti za Kijapani zinapakuliwa bure. Wengi wanashauri kubadilisha. Mimi nimebaki na za Kiingereza kwa sababu ya Nia. Maigizo yake ni makali, ya haraka, na yana uchungu unaojificha nyuma ya mzaha.

Kuna jambo moja zaidi la kapu la pili. Mavazi ya Pyra yamechorwa kwa jicho lililomtazama mwili tu. Pyra aliyeandikwa ni mtu mpole, mpishi hodari, aliyebeba hatia ya jambo la kale asiloweza kulisema. Katika matukio yake bora anazungumza kwa sauti ya chini, macho yameinama, na kamera inakwenda pengine. Mwandishi na mchoraji hawakuwa wakimzungumzia mwanamke mmoja. Wapo wanaosema hiyo ni desturi ya kazi za Kijapani za aina hii na mtu azoee. Sikubali, na ushahidi umo ndani ya gemu yenyewe: Mòrag, afisa wa Mor Ardain anayekuwinda Gormott, amevalishwa sare ya kijeshi kutoka shingoni hadi vidoleni, na hakuna mhusika mwenye haiba kumzidi. Walijua kufanya. Kwa Pyra hawakutaka, na matokeo yake ni kwamba gemu ambayo ningependa kumwonyesha binti wa dada yangu kwa ajili ya Gormott peke yake, namwonyesha nikiwa nimechagua kwanza ni dakika zipi.

Nimetaja mzigo mkubwa kuliko mikono, na anayemjua Takahashi hatashangaa. Xenogears, aliyoiongoza akiwa kampuni ya Square mwaka 1998, ni maarufu kwa diski yake ya pili: muda ulipowabana, sehemu kubwa ya hadithi ikawa wahusika wameketi kwenye kiti wakisimulia yaliyotokea badala ya mchezaji kuyacheza. Aliondoka, akaanzisha Monolith Soft na wenzake mwaka 1999. Mfululizo wao wa Xenosaga ulikusudiwa kuwa na sehemu sita. Ulikomea ya tatu, mwaka 2006. Nintendo ilichukua hisa nyingi za studio mwaka 2007, na Xenoblade ya kwanza ya mwaka 2010 ndiyo iliyoonyesha kwamba mtu huyu akipewa msingi wa kusimamia anaweza kumaliza anachokianza. Hii ya pili ilitengenezwa wakati sehemu ya studio ikisaidia kuunda gemu nyingine ya Nintendo, Zelda: Breath of the Wild, iliyotoka Machi 2017. Ukijua hayo, picha inayofifia na mafunzo yaliyorushwa rushwa yanaeleweka. Bahati nasibu ya kristali haiingii humo. Kubuni viumbe wote wale, sauti zao, visa vyao, kisha kuwaweka nyuma ya kura, ni kazi kubwa kuliko kutofanya hivyo.

Anayetaka kuianza leo nitamwambia mambo mawili. La kwanza, usiihukumu vita kabla ya Uraya. Kabla ya hapo hujaionja. La pili, usiwinde Blade adimu. Fungua kristali zinazokuja zenyewe, kisha endelea na safari; kadiri unavyoigusa kidogo ile menyu, ndivyo hadithi inavyobaki na uzito wake. Nimeanza kufanya hivyo tangu katikati ya sura ya tatu na gemu imekuwa nzuri zaidi.

Sasa nimeshuka Mor Ardain. Titani wake anatoa joto, mvuke unatoka kila upenyo, mji wa Alba Cavanich umejaa mabomba na kutu, na watu wake wanaongea juu ya ardhi inayowafia chini ya miguu kwa hofu ileile niliyoisikia Gormott wakiwazungumzia wao. Hao ndio wavamizi, na wana watoto wanaokohoa. Nia ni Mgormotti. Torigoth mabango ya serikali hii yalimchora kama dudu, na alichukia zaidi ubaya wa mchoro kuliko kutafutwa kwenyewe. Anatembea nami katika mitaa hii na bado hajasema neno. Ndilo ninalolisubiri kuliko upanga wowote mpya, na nitajua ubora wa waandishi hawa kwa atakachosema.